Kokasi ya Minnesota: ukiingia chumbani, toka na kiti cha mjumbe

Swali: Ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, na nimeapa uraia mwaka jana. Jirani wa ghorofa ya chini ananiambia twende pamoja kwenye kokasi ya chama chake, yaani mkutano wa majirani wanaokiunga mkono chama hicho. Nyumbani Kenya nilizoea kura za mchujo: unapanga foleni, unapiga, unaenda zako. Hii ya kukaa chumbani na majirani siielewi. Je, nahitaji kadi ya chama? Mume wangu bado ana kadi ya kijani, anaweza kuja? Kijana wetu ana miaka 17. Na mimi hufanya zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee.

Jibu:

Dada, hongera kwa uraia. Nianze na kadi, maana ndiyo inayowarudisha wengi wetu mlangoni. Huihitaji. Minnesota haimsajili mpiga kura kwa chama. Hakuna kadi, hakuna ada, wala daftari la wanachama kama lile la Msajili wa Vyama vya Siasa kule Nairobi. Sheria ya jimbo inataka mambo matatu tu. Uwe unaishi ndani ya presinti yenyewe, yaani lile eneo dogo linalopiga kura katika kituo kimoja. Uwe na haki ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa Novemba unaofuata. Na uwe unakubaliana kwa jumla na misingi ya chama, kwamba ulikiunga mkono uchaguzi uliopita au unakusudia kukiunga mkono ujao. Unaandika jina na anwani, unatia sahihi, unaingia. Ila ukishapiga kura kwenye kokasi ya chama kimoja, ya chama kingine mwaka huo hairuhusiwi.

Kijana wako: kama atatimiza miaka 18 kufikia siku ya uchaguzi wa Novemba, ana haki sawa na yako chumbani. Anapiga kura, na anaweza kuchaguliwa mjumbe, yaani mwakilishi wa presinti kwenye mikutano mikuu ya chama. Mpeleke.

Mume wako ni habari nyingine, na hapa nakuomba usome polepole. Asiyekuwa raia hapigi kura katika kokasi na hachaguliwi mjumbe. Anaweza kuja kutazama, kwa kuwa mikutano hii iko wazi kwa umma, na anaweza kukaa karibu nawe na kusikiliza kila kitu. Lakini asitie sahihi kwenye karatasi ya washiriki, kwa sababu sahihi ile ni tamko kwamba ana haki ya kupiga kura. Na mtu yeyote akimpa fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata kwa nia njema kabisa, aikatae. Kujidai raia, au kupiga kura bila kuwa raia, kunaweza kumfukuzisha mtu Marekani, na fomu ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Vijana wa kujitolea wanaosimama mlangoni na makaratasi hawajui hali ya kila anayepita. Mueleze kabla hamjatoka nyumbani aseme neno moja: "Nimekuja kutazama." Kama amewahi kusaini kitu cha namna hiyo huko nyuma, amwone wakili wa uhamiaji kabla hajapeleka maombi ya uraia.

Sasa kokasi yenyewe. Watu wengi hufika wakidhani wanakuja kumchagua rais. Zamani ilikuwa hivyo. Mwaka 2008, na tena 2016, zaidi ya watu 200,000 walijitokeza kwenye kokasi za chama cha DFL peke yake (DFL ndilo jina la chama cha Democratic hapa Minnesota). Mwaka 2008 magari yalijaa barabarani, karatasi za kura zikaisha, watu wakaandika majina ya wagombea kwenye vipande vya daftari. Baada ya msukosuko kama huo mwaka 2016, bunge la jimbo likarudisha kura za mchujo za urais, na tangu 2020 rais hupigiwa kura hizo mwezi Machi. Kokasi ikabaki na kazi zake tatu za asili: kuchagua viongozi wa chama katika presinti, kuchagua wajumbe wa mikutano mikuu, na kupitisha maazimio.

Ndiyo maana vyumba sasa vina nafasi. Ndiyo maana pia naona inafaa kwenda sasa kuliko wakati ule wa misururu: presinti nyingi hupewa viti vingi vya ujumbe kuliko watu wanaofika. Jirani kumi na wawili wameketi, viti ni ishirini. Katika hali hiyo hakuna ushindani wowote. Anayetaka kuwa mjumbe anaandikwa jina.

Na mjumbe ana uzito gani? Fuata ngazi. Kutoka kokasi, wajumbe huenda kwenye mkutano mkuu wa eneo lao, mara nyingi wilaya ya Seneti ya jimbo. Wilaya hizo ni 67, na kila moja imegawanywa maeneo mawili ya uchaguzi ya Baraza la Wawakilishi la jimbo, A na B. Huko huchaguliwa wajumbe wa mkutano wa wilaya ya Congress, ambazo ni nane, na wa mkutano mkuu wa jimbo zima. Katika kila ngazi chama humuidhinisha mgombea wake: wa Baraza na Seneti ya jimbo kwenye ngazi ya chini, wa Congress katikati, wa gavana kule juu. DFL na Republican wote hutaka asilimia 60 ya kura za wajumbe ndipo mgombea aidhinishwe.

Uidhinisho haumfungii mtu mlango. Yeyote anaweza kuchukua fomu na kwenda kwenye kura za mchujo za Agosti. Mwaka 2010 DFL ilimuidhinisha Margaret Anderson Kelliher kugombea ugavana, Mark Dayton akamshinda kwenye mchujo. Mwaka 2018 ilimuidhinisha Erin Murphy, Tim Walz akashinda. Upande wa Republican mwaka huohuo, Jeff Johnson aliyeidhinishwa ndiye aliyembwaga Tim Pawlenty. Kwa hiyo kwenye ugavana uidhinisho ni nguvu, si hatima. Kwenye kiti cha Baraza la Wawakilishi mambo ni tofauti. Pale ambapo chama kimoja hushinda kila mara, na wasioidhinishwa huwa wanajitoa, chumba cha wajumbe wachache ndicho kinachoamua nani atakwenda kuwasemea St. Paul, kwenye bunge la jimbo. Sisi tunapiga kura Novemba kwa uaminifu mkubwa, lakini majina yaliyo kwenye karatasi yalichujwa miezi kadhaa nyuma na watu wasiojaza hata ukumbi wa kanisa.

Tarehe. Kokasi hufanyika miaka ya uchaguzi wa jimbo, ile inayogawanyika kwa mbili. Sheria inataja Jumanne ya kwanza ya Februari, saa moja jioni, isipokuwa vyama vikubwa vikubaliane siku nyingine. Mwaka 2022 ilikuwa tarehe 1 Februari, 2024 ikasogezwa hadi 27 Februari, 2026 ikapangiwa 3 Februari. Basi usikariri, thibitisha Januari.

Kuhusu zamu yako, sheria iko upande wako. Kifungu cha 202A.19 cha sheria za Minnesota kinampa mfanyakazi ruhusa ya kuhudhuria kokasi ya chama kikubwa bila kuadhibiwa, mradi amempa mwajiri taarifa ya maandishi angalau siku kumi kabla. Mwajiri anaweza kukukata mshahara wa saa ulizokosekana tu. Andika barua fupi kwa Kiingereza: jina lako, tarehe ya kokasi, saa utakayotoka na saa utakayorudi, kwamba unaenda kuhudhuria kokasi ya presinti, na namba ya kifungu hicho. Itume kwa barua pepe ili tarehe ionekane, kwa msimamizi na kwa ofisi ya wafanyakazi wote wawili. Kumwambia msimamizi kwa mdomo ukumbini wakati wa kubadilishana zamu hakuhesabiki, na hapo ndipo wengi hupoteza haki yao. Usihesabu siku kumi kamili. Mpe siku kumi na nne, apate muda wa kutafuta wa kushika zamu. Kwa mjumbe wa mkutano mkuu kuna kifungu kingine, 202A.135, chenye masharti kama hayohayo ya siku kumi. Kiweke akilini, utakihitaji mwezi mmoja au miwili baadaye.

Mahali pa kokasi si lazima pawe pale unapopigia kura Novemba, na mara nyingi vyama viwili havikutani jengo moja. Wiki chache kabla ya siku yenyewe, tovuti ya Ofisi ya Katibu wa Jimbo huweka ukurasa ambao unaandika anwani yako ukapata jina la presinti na mahali pa kukutania kwa kila chama. Andika jina la presinti kwenye karatasi. Mara nyingi presinti kadhaa hukutana shule moja, kila moja darasa lake, na swali la kwanza mlangoni ni hilo: presinti gani? Asiyejua husimama kwenye foleni ya kutafutiwa kwenye ramani, na saa moja inampita hapo.

Kuna kosa jingine ambalo jamii yetu hulirudia. Watu huhamasishana kanisani au kwenye kundi la WhatsApp la kaunti yao ya nyumbani, wanafika thelathini kwenye jengo, halafu wanatawanywa vyumba kumi na viwili kwa sababu kila mtu anaishi kwake. Kokasi haihesabu urafiki, inahesabu anwani. Jirani wa ghorofa ya chini ana thamani kwako usiku huo kuliko binamu yako wa mji jirani wa Maple Grove. Panga kwa jengo: gongeni milango ya fleti zenu, nyinyi wawili, jioni mbili kabla ya siku yenyewe. Watu watano au sita kutoka jengo moja, wote presinti moja, ni kundi kubwa katika chumba cha watu kumi na watano.

Fika saa kumi na mbili na nusu. Ukishasaini, utamkuta mwitishaji wa mkutano, mtu aliyetumwa na chama kuja kufungua kikao. Kazi ya kwanza ni kumchagua mwenyekiti wa kikao, ambaye mara nyingi ni mwitishaji huyohuyo, pamoja na katibu na wahesabu kura. Husomwa barua za wagombea, na wagombea wenyewe au watu wao hupita wakisema dakika moja mbili na kukimbilia chumba kingine. Baadhi ya miaka hupigwa kura ya kupima upepo kuhusu ugavana; inasikika kwenye habari lakini haimfungi mtu. Bahasha ya michango nayo itazunguka. Ni ya hiari kabisa, pitisha tu kama huna.

Halafu huchaguliwa viongozi wa presinti. Ukiona watu wanatazamana na hakuna anayeinua mkono, ujue kiti cha mwenyekiti wa presinti kiko wazi na unaweza kukipata usiku huohuo. Kazi yake ni kuwapigia simu majirani, kugawa vipeperushi, kuhudhuria vikao vya eneo. Kwa mwenye zamu mbili na watoto watatu ningesema subiri mwaka mwingine. Kiti cha ujumbe ndicho usikiache.

Kinapofika kipengele cha wajumbe, inua mkono na useme unataka kuwa mjumbe kamili, si mjumbe wa akiba. Watu wetu wana adabu. Wanawaachia wenyeji viti kwanza, wanaandikwa akiba, na baadaye akiba hafiki kupiga kura kama wajumbe wote wamehudhuria. Viti vikiwa vichache kuliko watu, hupigwa kura, na kila anayejitaja hupewa nafasi ya kujieleza kidogo. Tayarisha sentensi tatu: unaishi wapi na tangu lini, unafanya kazi gani, jambo gani moja linakupeleka mkutanoni. Inatosha.

Jaza fomu ya ujumbe kwa herufi kubwa za chapa. Nimeona hili likiharibu mambo kuliko siasa yoyote: namba moja ya simu isiyosomeka, au barua pepe yenye nukta iliyopotea, na taarifa ya mkutano mkuu haikufiki. Jina kama Nyaboke au Wanjiru likiandikwa haraka kwa mwandiko wa kuunganisha, anayeingiza orodha kwenye kompyuta atabuni. Kabla hujatoka, mwombe katibu akusomee ulichoandika, na upige picha fomu hiyo kwa simu. Pia jiandae: wagombea huipata orodha ya wajumbe, na simu yako italia.

Maazimio huja mwishoni, watu wakiwa wamechoka, na hapo ndipo aliyejiandaa anafaulu. Azimio ni karatasi moja yenye jambo moja unalotaka liingie kwenye msimamo wa chama. Huandikwa hivi: "Kwa kuwa wahudumu wengi wa nyumba za wazee wanataka kusomea uuguzi, na kwa kuwa ada ya masomo hayo inawashinda, iazimiwe kwamba chama kiunge mkono ruzuku ya jimbo ya kulipia masomo ya uuguzi kwa wahudumu hao." Sababu mbili, ombi moja. Liwe jambo ambalo bunge la jimbo linaweza kulitenda; ukiomba visa za haraka ubalozini, hilo ni la serikali ya Washington na litaishia kwenye rundo jingine. Angalia kwanza kama msimamo wa chama haujalisema tayari, kwani linalorudia huondolewa na kamati. Likisomwa, mmoja anatetea, mwingine anapinga kama yupo, kisha kura ya wengi. Kutoka hapo linaenda kwenye kamati ya eneo, ambayo hupokea maazimio kutoka presinti zote na kuyaunganisha yanayofanana. Sasa ile hasara ya kutawanyika vyumba kumi na viwili inageuka faida: wale jamaa wa kanisani, kila mmoja akisoma azimio lilelile neno kwa neno katika chumba chake, kamati inakutana na jambo moja lililopita presinti kumi na mbili. Hilo ni gumu kulitupa.

Kiingereza cha mkutano kisikutishe. Wanafuata kanuni za Robert, yaani taratibu za kuendesha mikutano, zenye maneno yake, lakini kwa usiku huu unahitaji kujua kuomba nafasi ya kusema, kuuliza "tunapigia kura nini sasa hivi?" na kuomba jambo lisomwe tena. Mwenyekiti yeyote wa haki atakujibu.

Mkutano mkuu wa eneo hufuata kwenye miezi ya Machi au Aprili, kwa kawaida siku nzima ya Jumamosi. Upande wa Republican wajumbe wa ngazi ya juu huchaguliwa kwa kura za karatasi kwa majina. Upande wa DFL utakutana na kitu kitakachokukumbusha mlolongo wa uchaguzi wa Kenya wa 1988, ule wa kusimama nyuma ya mgombea au picha yake. Watu hujigawa ukumbini kwa makundi, kila kundi limejipa jina la mgombea au la jambo, na hutembea kutoka kundi hadi kundi. Wazee waliokumbana na mlolongo huingiwa na hofu wakiona haya, na nawaelewa. Mstari mfupi ulitangazwa mshindi mchana kweupe. Tofauti ni kwamba hapa kila kundi hupata viti kwa kadiri ya watu wake, na hesabu hufanywa mbele ya wote. Nawe uifanye mwenyewe.

Tuseme wajumbe ni 120 na viti vya mkutano wa jimbo ni 15. Gawanya: kila watu 8 ni kiti kimoja, na kundi lisilofika 8 halihesabiki, hupewa muda wa kuungana na jingine. Makundi yamekuwa ya watu 38, 28, 24, 18 na 12. Ukigawa kwa 8 unapata 4.75, 3.5, 3, 2.25 na 1.5. Namba nzima zinatoa viti 4, 3, 3, 2 na 1, jumla 13. Viti viwili vilivyobaki huenda kwa wenye baki kubwa zaidi: cha kwanza kwa kundi la 38, cha pili kina mgogoro kati ya kundi la 28 na la 12, wote wana nusu, na kura ya bahati ndiyo itakayoamua. Sasa tazama kundi la 18. Viti vyake viwili vinahitaji watu 16 tu; wawili wa ziada hawawapi chochote. Mmoja wao akitembea hadi kundi la 12, linakuwa 13, sawa na 1.625, na kiti kile kinakuwa chao bila bahati nasibu, huku alikotoka hawakupoteza kitu. Mtu mmoja, hatua kumi. Kwa hiyo kabla mwenyekiti hajatangaza kwamba kutembea kumefungwa, uwe umehesabu kundi lako na jirani zako, kalamu mkononi. Ukichelewa kurudi kutoka msalani wakati wa kufunga, huhesabiwi popote.

Siku hiyo jisajili mezani kabla ya muda uliotajwa kwenye taarifa, kwa sababu ukipita, mjumbe wa akiba hukalishwa kwenye kiti chako. Ukilazimika kutoka mapema kwenda kazini, waambie wa mezani ili akiba aingie badala yako. Beba chakula, maji na chaja ya simu. Kura ya kumuidhinisha mgombea ikikosa kufika asilimia 60 hurudiwa mara ya pili, ya tatu, na zaidi, hadi jioni, wakati ukumbi umeanza kupungua na kila aliyebaki anahesabika zaidi ya asubuhi.